UZI: Kwanini chanjo nyingine wanadondoshea mdomoni na hawachomi? Habari ya bakteria walionyang'anywa meno

#1 Fundi Darubini
Wakuu habari za jioni. Huu uzi naupika kichwani tangu Alhamisi, siku wife alivyorudi kliniki na mtoto wetu wa wiki sita. Mama mkwe yuko hapa Mikindani, kashuka kutoka Newala kuja kumlea mzazi. Kamfunua mtoto kakuta alama za sindano mapajani, kulia na kushoto, alafu akaambiwa kuna na matone vilevile, ya polio na ya rota ile ya kuhara, kadondoshewa mdomoni. Sasa mkwe wangu hawezi kuniuliza mambo ya choo usoni, akapitishia kwa bintie: "hebu muulize mumeo, ya kuchomwa naielewa inaingia mwilini, hii ya kumeza si inatoka na haja?"

Wife anacheka huku ananiangalia mimi mtu wa maabara. Nikatoa jibu la haraka la kumridhisha bibi, ila usiku nikawa nageuka tu kitandani maana swali lile ndio somo zima.

Vijidudu vingi havituingii kwa kuchanjwa chale. Vinapita puani, mdomoni, tumboni, njia ya mkojo, machoni. Kote huko ndani kumetandazwa utando laini wenye ute, na ule wa utumbo peke yake ukiukunjua wote unaizidi ngozi ya mwili mzima mara nyingi tu. Mwili unajua mambo yanaanzia pale, ndio maana unatengeneza antibodi (protini ya kinga) moja inaitwa IgA, na kwa siku inatoka nyingi kuliko antibodi nyingine zote ukizijumlisha. Hiyo haikai sana kwenye damu, inapitishwa nje ya utando inalala ndani ya ute, kijidudu kikija kinanasa palepale, hakipati pa kushika, ute unakisukuma kinatoka. Kwahiyo mwambieni bibi ndio, kinatoka na haja, na ndicho tunachotaka.

Sindano ya kawaida inaamsha zaidi ile antibodi nyingine ya kwenye damu, inaitwa IgG. Nzuri sana, imeokoa watu wengi, msije mkaninukuu vibaya. Lakini mdudu anaweza kuwa keshapanga chumba puani au utumboni, wewe huumwi ila unawagawia wenzako.

Tuje shambani maana wengi humu ni watoto wa korosho. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unakaa wapi? Kwenye chipukizi na maua. Sasa ulishamuona mtu anafukia salfa, dawa yake, shinani? Unapuliza juu, pale pale ugonjwa unapotua. Mbolea ya shinani ina kazi yake na salfa ina kazi yake.

Swali linalofuata, kwanini usimeze tu bakteria wafu? Hapa ndio patamu. Utumbo umezoea kupokea vitu vigeni kila siku, ugali wa muhogo, pweza, ming'oko, mabibo, ungekuwa unaanzisha ugomvi kwa kila tonge tungekuwa hatuishi. Kwahiyo tabia yake ni kunyamaza. Ukimletea maiti za bakteria mara nyingi anazichukulia kama chakula kingine. Ila bakteria aliye hai anajua njia, anatafuta zile seli M, vimlango vilivyokaa juu ya vidoa vya Peyer, yaani vituo vya kinga vya utumbo mdogo, anapenya, anabisha hodi kwa fujo, na mwili unashtuka. Kazi ya mtaalam ni kumtafuta bakteria wa namna hiyo ambaye fujo anazo ila meno hana.

Nitaendelea, naenda kuoga.

#2 Ngoja Niulize
Nimekaa paleeee na kikombe changu cha uji. Ila mkuu polio na rota si virusi? Kichwa cha uzi kinasema bakteria

#3 Fundi Darubini
Umenibana vizuri. Polio na rota ni virusi kweli, nimeanzia huko kwa vile ndio matone yanayojulikana kila zahanati, kanuni ni ileile ya kumpeleka mdudu mlegevu mlangoni pake. Kwa bakteria mfano wangu naoupenda kuliko yote ni taifodi.

Kabla ya hapo niseme kidogo. Huku kwetu kila homa ni taifodi na UTI, mtu anatoka na karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, imeandikwa 1:80 anajazwa dawa za siku kumi na nne. Kile kipimo kinayumba sana jamani, kinaweza kusoma hata antibodi za kale au za mdudu mwingine jamaa yake. Ipo siku nitakifungulia uzi wake, leo tuache.

Miaka ya 1970 kule Uswisi mtafiti anaitwa René Germanier na mwenzake Füer walimchukua bakteria wa taifodi mwenyewe, Salmonella Typhi, wakampitisha kwenye kemikali inayovuruga jeni, wakachagua mmoja aliyeharibika jeni inaitwa galE. Sikilizeni ujanja uliopo hapo. Huyu bakteria ili ajifunike koti lake la nje anahitaji sukari ya galaktosi, na mwenyewe hawezi kuitengeneza, mpaka aokote. Akiokota anashona koti, anafanana na taifodi kamili na mwili unamsoma vizuri sura yake. Ila hana uwezo wa kuimalizia ile sukari, inamjaa ndani, baada ya kuzaliana kidogo anapasuka. Yaani anaingia amevaa sare, anajitambulisha, alafu anakufa kwa ulafi wake. Pia hana lile ganda linaitwa Vi ambalo taifodi halisi anajifichia.

Akaitwa Ty21a. Walijaribu Alexandria huko Misri kwa wanafunzi wa shule kama 32,000 hivi, kati ya 1978 na 1981, wakinywa na kitu kama bekin soda cha kutuliza asidi ya tumbo, na kinga ikafika asilimia 96. Baadae Santiago, Chile, wakatumia kapsuli zenye ganda lisiloyeyuka tumboni mpaka ifike utumboni, ikashuka, asilimia 67 kwa miaka mitatu. Tofauti ya hiyo inaonyesha namna ya kumfikisha mdudu akiwa mzima ni nusu ya kazi. Kapsuli zenyewe ulikuwa unameza moja, unaruka siku, unameza nyingine, zinakaa kwenye friji, huchanganyi na chai ya moto, na ukiwa kwenye antibayotiki ni bure maana umemuua mgeni getini.

#4 Kuku wa Mtama
Aisee hapo kwenye antibayotiki umenigusa. Mie nafuga chotara na kienyeji huku Mtama, chanjo ya mdondo tunadondosha jichoni tone moja kila kuku, kila miezi mitatu minne hivi. Siku zote nilidhani jicho ni kwa sababu kuku hamezi kirahisi. Na siku ya chanjo nawatiaga OTC, ile antibayotiki ya mifugo, kwenye maji "kuwapa nguvu", je nimekuwa nawaua wadudu wa chanjo?

#5 Bwana Mifugo Mstaafu
Kijana wa Mtama ngoja nikusaidie, mie nimestaafu niko Kilwa Masoko nimekaa sana na hayo mambo.

Mdondo ni kirusi. OTC haimfanyi kitu kirusi, kwahiyo chanjo yako ilikuwa salama, hasara ni hela ya dawa tu na usugu unaoutengeneza bandani. Ila ungekuwa unatumia chanjo ya bakteria hai, hapo ungekuwa umemwaga pesa. Na kwa wale wanaochanjia kwenye maji ya kunywa, maji yenye klorini ya bomba ni adui, yanaua hata hicho kirusi, ndio maana tulikuwa tunawaambia watie maziwa ya unga kidogo kuyatuliza.

Jicho sio bahati mbaya. Nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inaitwa Harder imejaa seli za kinga, na tone ukilidondosha linashuka kupitia tundu mpaka puani na kooni. Umechanja milango mitatu kwa tone moja.

Sasa ya bakteria kwa kuku ipo. Kuna ugonjwa wa mafua sugu ya kuku unaletwa na Mycoplasma gallisepticum, chanjo yake mojawapo inaitwa ts-11, imetoka Australia, nayo tone la jichoni. Wamempitisha mdudu kwenye kemikali inayovuruga jeni, wakachagua anayependa ubaridi, anastawi kwenye joto kama la nyuzi 33, penye 39 na kitu anashindwa. Koo na pua ya kuku kuna ubaridi kidogo kwa ajili ya hewa inayopita, ndani kwenye mwili kuna moto. Kwahiyo mdudu anaishi juu juu tu pale tunapomtaka, kushuka ndani hawezi. Mie naona huu ni ujanja mkubwa kuliko hata huo wa taifodi, samahani Fundi. Shida yake inataka barafu kali sana kuitunza, sio chanjo ya kubeba kwenye baiskeli.

Na mbuzi. Kuna Rev.1 ya ugonjwa wa kutupa mimba, bakteria hai wa brusela aliyedhoofishwa, nayo dunia ya leo inapendelea kudondosha jichoni kuliko kuchoma. Sababu moja wapo ukichoma, damu ya mbuzi inajaa antibodi muda mrefu, ukija kupima huwezi kumjua mgonjwa na aliyechanjwa. Jichoni kinga inakaa zaidi maeneo ya pale na vipimo havichafuki sana. Ila hiyo haichezewi, mbuzi mwenye mimba anaweza kuitupa, na mchanjaji mwenyewe akijirushia anaumwa kweli.

Niwape na ya kujivunia. Wafugaji walivyoshuka na ng'ombe huku Lindi kuanzia 2006 na 2007 walivyotolewa bonde la Usangu kule Mbeya, homa ya mapafu ya ng'ombe ikawa gumzo. Chanjo yake, T1/44, mdudu wake alipatikana hapa hapa kwetu Tanganyika, 1951, alikuwa mpole kwa asili, wakampitisha kwenye mayai ya kuku mara 44, ndio hiyo namba. Yeye anachomwa chini ya ngozi, hadondoshwi. Lakini ni bakteria hai mlegevu, na mpaka leo Afrika ndio tunamtegemea.

#6 Sitaki Utani
Mnaongea vizuri sana ila mmekwepa. Mdudu HAI. Leo kalegea, kesho akikaza je? Mnatudondoshea watoto vitu vinavyozaliana alafu mnasema salama. Na huo mfano wa salfa una walakini, salfa mvua ikinyesha moja imeisha unarudi kupuliza, kwahiyo na chanjo hivyo hivyo?

#7 Fundi Darubini
Maswali ya haki haya, tusimshambulie mtu.

Salfa nakubali, mfano wangu unaishia mahali. Salfa haikumbuki. Seli za kinga zikifunzwa utumboni zinazunguka kwenye damu alafu zinarudi kukaa kulekule utumboni, zinaitambua nyumba yao. Ila uko sahihi nusu, kinga ya kwenye ute kwa kawaida inapungua haraka kuliko ya damu, ndio maana nyingi zinarudiwa baada ya miaka kadhaa.

Kukaza tena. Kwa polio imeshatokea, kirusi cha chanjo kikizunguka muda mrefu penye watoto wengi wasiochanjwa kinaweza kurudisha ukali, hili wataalam hawalifichi na ndio maana wametengeneza aina mpya ya matone iliyotulia zaidi. Mnazikumbuka zile kampeni za nyumba kwa nyumba 2022 baada ya kisa cha polio Malawi? Penye upungufu wa chanjo ndipo kirusi kinapopata uwanja, cha porini na hata hicho kilichogeuka.

Kwa bakteria, chukua kipindupindu. Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, akina Myron Levine na James Kaper walikata karibu jeni yote inayotengeneza sehemu yenye sumu ya kile kinachomharisha mtu, wakaacha ile sehemu ya kushikia tu. Jeni iliyokatwa ikatupwa haioti kama mkia wa mjusi. Alafu wakampachika alama ya kustahimili zebaki ili maabara ikikutana naye kwenye choo cha mtu imtambue kuwa huyu ni wa chanjo. Anaitwa CVD 103-HgR, hilo HgR ndio zebaki yenyewe. Dozi moja ya kunywa. Marekani waliiruhusu 2016 kwa wasafiri, watu waliojitolea wakanyweshwa kipindupindu halisi siku kumi baada ya chanjo, kinga ilikuwa kama asilimia 90, na baada ya miezi mitatu kama 80.

Na kwa vile umesema nisikwepe, nakupa baya kuliko yote. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ile yenye kovu la bega la kulia, walioitengeneza ni Calmette na Guérin pale Lille, Ufaransa, walimhamisha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kutoka chombo hadi chombo mara 230 kwa miaka 13, kwenye viazi vyenye nyongo na gliserini. Mtoto wa kwanza kuipata 1921 Paris hakuchomwa, ALIMEZA. Wengi hamkujua hilo. Sasa 1930 mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto kama 250 walipewa ya kumeza na zaidi ya 70 wakafa. Uchunguzi ulionyesha mdudu hakukaza, ila maabara ya pale ilichanganya na bakteria mkali. Mie kama mtu wa maabara hiyo stori ndio inanifanya niandike lebo mara mbili.

#8 Nesi wa Zamu
Nimesoma kimya ila hapa niingie. Sitaki Utani, kuna watu ambao chanjo hai hatuwapi ovyo na hatufanyi siri. Mtoto mwenye VVU aliyeanza kuonyesha dalili BCG hatumpi, kwa sababu kinga yake haiwezi kumdhibiti hata huyo mlegevu. Ndio maana tunauliza maswali mengi mpaka mnatuona wambea.

Fundi umesahau maziwa ya mama. Zile seli zilizofunzwa kwenye utumbo wa mama zinahamia kwenye matiti wakati wa kunyonyesha, mtoto anakunywa IgA inayojua vijidudu vya nyumba hiyo hiyo. Yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo bado kuna bibi wanayakamua na kuyamwaga wanasema machafu, hayo yamejaa IgA. Mwambie mkweo wa Newala, kupitia mkeo 😂

#9 Mbuyu wa Kilwa
Sahihisho dogo. Fundi ulisema bakteria wafu utumbo unawachukulia kama chakula. Zanzibar 2009 watu walinyweshwa chanjo ya kipindupindu yenye bakteria waliouliwa, na matokeo yalionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliokunywa, na hata majirani wasiokunywa walipungukiwa na ugonjwa. Mimi mwenyewe nilikuwa Unguja kipindi hicho nauza samaki, ila sikuwa kwenye shehia zilizopewa.

#10 Fundi Darubini
Asante Mbuyu, nimekubali na nimenyooka. Nilipaswa kusema mara nyingi, sio zote. Ile ya Zanzibar wafu walikuwa wengi sana kwa dozi, tena pamoja na kipande cha sumu kisicho na madhara ambacho kinajua kushika ukuta wa utumbo, na ilitakiwa dozi mbili. Wafu wanaweza, inabidi uwalete jeshi zima.

Na hapo kuna jambo linaniuma zaidi. Hizi chanjo za mdomoni, hai haswa, zinafanya kazi vizuri Ulaya na Marekani kuliko kwetu ambako ndio zinahitajika. Ile ya rota ilivyojaribiwa Malawi, hapo jirani tu, ilizuia ugonjwa mkali kwa kama asilimia 49, wakati Afrika Kusini ilikuwa kama 77. Ile CVD 103-HgR ya dozi moja, toleo lake la zamani, walijaribu Jakarta kwa watu kama 67,000 na kinga haikuonekana ya maana. Mdudu yuleyule, utumbo tofauti. Mtoto anayekunywa maji ya kisima cha wazi tangu azaliwe utumbo wake umevimba kimyakimya, umejaa wageni wengine, mwingine ana minyoo, mwingine hajashiba, na hao bakteria walegevu wakifika wanakuta foleni. Nayaona hayo maji kila siku kwenye kioo changu cha darubini. Huko juu uwanda wa Makonde ambako ndoo ya maji ni safari, mtu anayenambia chanjo ya mdomoni itamaliza kuhara bila bomba namuuliza alishawahi kulala Tandahimba mwezi wa kumi?

Haimaanishi tusizitumie. Hao karibu nusu waliookolewa na kuhara kukali Malawi ni watoto kweli, wana majina.

#11 Kijana wa Shangani
Uzi mtamu, sasa mimi nina stori nilikuwa naona aibu kuisimulia. Mjomba wangu alikuwa anakojoa damu, kapelekwa Dar wakamkuta na saratani ya kibofu ya juu juu, wakakwangua. Karudi anatuambia wamemwekea CHANJO YA KIFUA KIKUU KWENYE KIBOFU, kwa mrija, kakaa nayo saa mbili bila kukojoa, kila wiki mara moja wiki sita. Ukoo mzima tukasema kapigwa, mzee kadanganywa. Mama mdogo akataka hata akamtafutie mganga. Kumbe?

#12 Fundi Darubini
Hajapigwa mkuu, muombeni radhi mzee. Hiyo ni BCG ileile ya bega. Daktari mmoja Canada, Alvaro Morales, alichapisha 1976 na mpaka leo ni tiba ya kawaida ya saratani ya aina hiyo ambayo haijazama kwenye msuli. Kibofu nacho kina utando, ukimwaga bakteria walegevu pale wanashika ukuta, kinga inakuja mbio kuwashughulikia na ikifika inaziona na seli za saratani zilizobaki. Huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kinga ya mahali ni ya mahali, maana bega lake mzee lina kovu tangu utotoni na halikumsaidia kibofu.

Tahadhari kwa watu wa huku lakini. Damu kwenye mkojo Lindi na Mtwara mara nyingi ni kichocho, na saratani inayoletwa na kichocho cha muda mrefu kwa kawaida ni aina nyingine, BCG sio tiba yake. Ukiona damu nenda kapime mkojo mapema, usisubiri ikomae.

#13 Ngoja Niulize
Uji umeisha bado nipo. Hizo kapsuli za taifodi zinauzwa wapi hapa Mtwara mjini? Na ya pua ipo?

#14 Fundi Darubini
Kwenye ratiba yetu ya taifa hazimo, ukikuta mtu anauza kwenye kimfuko juani pale stendi jua amekuuzia maiti hata kama ni za kweli. Taifodi dunia sasa inaelekea kwenye sindano moja ya kizazi kipya, Malawi wameanza kuwapa watoto 2023, na majaribio ya hukohuko yalitoa kama asilimia 80. Inaniuma kama shabiki wa Ty21a ila sindano imeshinda raundi hiyo, mtoto wa miezi tisa hawezi kumeza kapsuli.

Ya pua ipo kwenye majaribio, ya kifaduro, inaitwa BPZE1, na imetokea wapi? Lille tena, taasisi ileile ya BCG. Wameshughulikia sumu zake tatu, unapuliziwa puani basi. Wanachokitafuta ni kinga ya puani ili mtu mzima asiwe anambebea mdudu mtoto mchanga bila kujua.

#15 Sitaki Utani
Nimesoma mpaka mwisho. Bado sijashiba ila mwanangu ana dozi ya wiki kumi Alhamisi, mama yake atampeleka. Nitaenda nao nikaulize mwenyewe

#16 Nesi wa Zamu
Njoo mapema kaka, saa mbili. Na usije na yale maswali yote ya Lübeck, foleni ni ndefu 😂

#17 Kuku wa Mtama
Bwana Mifugo shikamoo mzee. Kwahiyo OTC niache kabisa au niwape siku ingine? Maana nimeshachanganya ndoo nzima